Redio ya muziki ya askari kwenye modeli ya 1/35: itengeneze kwa kadi ya laini na neti ya simu mbovu

Wakuu, maswali ni yaleyale kila wiki: nimemaliza askari wangu wa 1/35 (modeli iliyopunguzwa mara 35 kuliko kitu halisi) nataka kumwekea kiredio cha muziki, nakipata wapi, nakatia nini, antena iwe ndefu kiasi gani, nipake rangi gani. Basi nimeamua niandike yote hapa mara moja, ukiulizwa na mwenzio mtumie hii. Vitu vyote unavipata hapahapa Dar, hakuna cha kuagiza nje na kusubiri mzigo miezi miwili kwa ajili ya kitu kidogo kuliko punje ya mchele.

Kwanza tuelewane tunaongelea redio gani. Sio redio koli, ile redio ya upepo ya mawasiliano anayobeba askari mgongoni. Wengi wanachanganya. Ile ya Wamarekani kule Vietnam, AN/PRC-25, inashika FM ya megahezi 30 mpaka 75.95 tu, haikutengenezwa kwa ajili ya muziki, na mara nyingi imo tayari kwenye boksi la modeli. Sisi tunataka ile redio binafsi, askari kainunua kwa hela yake, anaiweka juu ya gunia la mchanga jioni anasikiliza nyumbani wanasemaje.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kadi ya laini ya simu. Namaanisha lile kadi kubwa linalobaki ukishabandua laini yako. Unene wake ni milimita 0.76, sawa na kadi ya benki, na hiyo ndo siri ya kazi nzima utaona mbele. Kadi ya benki iliyoisha muda nayo poa ila kata kata ile chipu na namba zako kwanza.
- Neti ya spika ya masikio kutoka kwenye simu mbovu. Nenda kwa fundi simu yeyote Kariakoo, wanatupa hizo kila siku, atakupa bure au utampa ya soda.
- Waya wa iafoni iliyokufa, zile za kuweka masikioni (nyuzi zake nyembamba sana) na kipande cha waya wa umeme wa nyuzi nyingi.
- Sindano ya bomba namba 18 MPYA kutoka duka la dawa. Mpya nasema, usije ukaokota.
- Wembe au kisu cha ofisi, rula ya chuma, msasa namba 400 na 800, kibano chenye ncha kali.
- Supa glu, ya kawaida ya dukani inatosha, pamoja na vijiti vya meno.
- Rangi za akriliki za stationari: nyeusi, nyeupe, kahawia, nyekundu, na fedha. Burashi ndogo kabisa utakayoipata.
- Maskingi tepu na chaki, nyeupe na za rangi.

Ukiwa na kioo cha kukuzia ni vizuri zaidi. Ukiwa huna, fanya kazi mchana karibu na dirisha, usiku na taa ya sebuleni utaumiza macho tu.

Hatua ya 1. Jua vita gani na mwaka gani, ndo uchague redio

Hapa ndo watu wanaharibu, na hakuna rangi itakayokuokoa ukikosea hapa. Redio ya transista ya kwanza kuuzwa madukani ni Regency TR-1 ya Marekani, mwishoni mwa 1954. Kwa hiyo askari wa Vita Kuu ya Pili mwenye redio ya mfukoni hayupo, na vita ya Korea nayo ilisimama 1953, hayupo pia. Ukitaka redio ya kubeba kwa miaka hiyo ni zile za valvu, masanduku makubwa yenye mpini kama Zenith Trans-Oceanic iliyotoka 1942, ambayo ilitengenezwa miezi michache tu halafu kiwanda kikahamia kazi za jeshi, ikarudi baada ya vita. Upana wake ni kama sentimita 43 hivi, kwenye 1/35 inakuja kama milimita 12. Hiyo haiwekwi mfukoni, inakaa mezani au juu ya kreti.

Ila kwa vita ya pili kuna kitu kitamu zaidi na rahisi kwa anayeanza: redio ya handakini. Askari wa Marekani kule Anzio, Italia, 1944, walikuwa wanajitengenezea wenyewe kwa wembe, pini, kipande cha risasi ya penseli, waya uliozungushwa kwenye bomba la karatasi na iafoni za kichwani. Haina betri kabisa, inakula nguvu ya mawimbi yenyewe. Kwenye modeli ni kibao cha milimita 3 kwa 4, kipande cha kijiti cha meno kilichozungushiwa uzi wa waya wa iafoni, na kakipande kadogo ka foili kawe wembe. Nusu saa umemaliza. Kama ndo mara yako ya kwanza anza na hii.

Vietnam una uhuru mkubwa. Sony TR-63 (1957), Zenith Royal 500 (1955 kwenda mbele), na baadaye za kaseti, maana kaseti ndogo ya Philips ilitoka 1963. Jeshi la Marekani lilikuwa na kituo chake cha redio Saigon tangu 1962, baadaye kikajulikana kama AFVN, kwa hiyo askari alikuwa na cha kusikiliza.

Na vita ya Kagera. Hii ndo wengi wetu tunaitaka na haina modeli ya kununua, lazima ubadilishe askari wa boksi lingine. Redio ya hapa ni transista ya masafa mafupi na ya kati, yenye mpini au mkanda wa ngozi, zile za National na Philips ambazo wazee wetu walikuwa nazo majumbani. Kumbuka Bara hakukuwa na televisheni mpaka 1994, taifa zima lilikuwa linaisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, hata ile hotuba ya Mwalimu ya tarehe 2 Novemba 1978, uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, watu waliipata kwenye redio. Kwa hiyo redio kwenye diorama (ile mandhari ndogo unayomweka askari) ya Kagera sio pambo, ni sehemu ya habari.

ONYO: usimwekee mpiganaji wa Kagera Walkman, kile kicheza kaseti cha mfukoni. Nimeiona na imenikera. Kampala imeanguka 11 Aprili 1979, vita imeisha mwanzoni mwa Juni, Walkman ya kwanza imeingia madukani Japani tarehe 1 Julai 1979. Haiwezekani hata kwa kulazimisha.

Hatua ya 2. Piga hesabu ya ukubwa

Chukua kipimo halisi kwa milimita gawa kwa 35. Basi. TR-63 ilikuwa na 112 kwa 71 kwa 32, inakuja 3.2 kwa 2 kwa 0.9. Regency ni 127 kwa 76 kwa 32, inakuja 3.6 kwa 2.2 kwa 0.9. Umeona huo unene? Kadi ya laini ina 0.76, ukipaka praima (rangi ya kwanza ya chini) na rangi umefika. Ndo maana nimesema kadi ndo siri, huna haja ya kusaga kitu chochote kupata unene, umeshapewa na kampuni ya simu.

Ya Kagera kama unaye babu au bibi mwenye redio ya zamani kabatini nenda kaipime mwenyewe kwa rula, shikamoo kwanza halafu rula. Ukikosa, chukua upana sentimita 25, kimo 16, unene 8, inakuja milimita 7 kwa 4.6 kwa 2.3. Kadi tatu ukizibandika pamoja ni 2.28. Tena umeshapewa.

Kwa 1/72 usijisumbue, TR-63 inakuwa milimita moja na nusu, weka tofali la plastiki, doa la fedha, endelea na maisha.

Hatua ya 3. Kata mwili

Usikate kipande kidogo kutoka kwenye kadi moja kwa moja. Kata kwanza utepe mrefu wenye upana unaoutaka (mfano milimita 2 kwa TR-63), usawazishe kwa msasa huku utepe bado mrefu na unashikika, zungushia kingo, HALAFU ndo ukate urefu wa 3.2 mwishoni. Ukikata kidogo kwanza utakishika na nini? Kitaruka kitaingia chini ya kochi na hutokiona tena mpaka siku ya kuhama.

Usikate kwa mara moja pia. Pitisha wembe taratibu mara tano sita kwenye mstari uleule huku rula ya chuma imeshikilia, ikishaingia nusu unaivunja kwa vidole inatoka safi.

Kwa redio ya Kagera bandika kadi tatu kwa supa glu, zikandamize chini ya kitu kizito, acha zilale mpaka kesho yake ndo ukate. Ukikata mapema zinateleza na utapata redio iliyopinda. Mistari ya maungio usiizibe yote, mmoja ukiukwaruza kidogo unakuwa mstari wa mfuniko wa nyuma, umepata kitu cha bure.

ONYO juu ya plastiki: watu wanachukua mfuniko wa ndoo au wa kopo la aiskrimu, wanakata vizuri kabisa, halafu supa glu haishiki na rangi inabanduka kama gamba. Geuza uangalie namba kwenye pembetatu. Namba 5 na namba 2 achana nazo. Namba 6 ni nzuri, ndo jamii ya plastiki ya modeli yenyewe, vikasha vya CD ni hiyohiyo ila inapasuka kirahisi.

Hatua ya 4. Uso wa spika

Kata kipande cha neti ya simu kwa mkasi mkali, kidogo kuliko uso wa redio, kiache fremu ya plastiki pembeni. TR-63 neti inachukua sehemu kubwa ya mbele chini ya saa ya stesheni, kile kiduara cha kutafutia stesheni. Ya Kagera neti inakaa upande mmoja na upande wa pili kunakuwa na kioo cha stesheni. Ibandike kwa supa glu kidogo sana, na kidogo ninamaanisha umegusa ncha ya kijiti cha meno kwenye tone, ukaifuta, halafu kile kilichobaki ndo unakitumia. Glu ikizidi inajaza matundu yote na neti inageuka bati.

Usiweke chandarua wala neti ya chujio la chai. Nimeulizwa sana hilo. Tundu la chandarua kwenye 1/35 ni sawa na tundu la kupitisha chungwa, redio gani hiyo.

Hatua ya 5. Vitufe na saa ya stesheni

Sindano namba 18 ina tundu la ndani kama milimita 0.8. Isugue ncha yake kwenye jiwe la kunolea mpaka iwe bapa, ile ncha ya mshazari iondoke, kisha nolea kidogo kwa nje iwe kali kuzunguka. Weka karatasi ya plastiki nyembamba (ile ya kufungashia biskuti inatosha) juu ya ubao laini, kandamiza, zungusha, umepata kiduara. Kisukume kwa waya kitoke. Hiyo 0.8 ni sawa na sentimita 2.8 halisi, inafaa kitufe cha kutafutia stesheni. Vitufe vidogo tumia sindano namba 21.

Kioo cha stesheni cha redio kubwa: utepe mwembamba wa rangi ya krimu, juu yake mstari mmoja wa penseli iliyochongwa kisawasawa, na kadoa kekundu kawe mshale. Usijaribu kuandika namba. Jina la kampuni pia usiandike, doa la fedha linatosha, jicho la mtazamaji litamalizia lenyewe.

Hatua ya 6. Antena, na hapa nisikilizeni vizuri

Sio kila redio ina antena ya kuvuta. TR-63, Regency na Royal 500 ya kwanza zinashika masafa ya kati tu, antena yake ni kijiti cha feraiti kiko NDANI. Hakuna kinachotoka nje. Royal 500 ina mpini wa kukunja na watu wanaudhania antena. Ukiweka kifimbo kirefu kwenye TR-63 yako, mjuzi akipita tu anacheka.

Redio ya masafa mafupi ndo ina antena ya kuvuta, yaani ile ya Kagera. Antena halisi chini ina unene kama milimita 6 na juu kama 3, kwetu inakuwa 0.17 na 0.09. Chukua uzi mmoja wa waya wa umeme uwe sehemu ya chini, uzi mmoja wa iafoni uwe sehemu ya juu. Unyooshe kwanza: weka uzi juu ya kioo au marumaru, pitishia rula kuuviringisha mbele nyuma, unanyooka kabisa. Uzi wa iafoni mwingi una vanishi, uchome kidogo kwa kiberiti kisha ufute, ndo utashika glu na rangi. Unganisha ncha kwa ncha kwa glu kiduchu, paka fedha. Toboa tundu kwenye mwili kwa ncha ya pini kabla ya kubandika, antena iliyobandikwa juu juu bila tundu itadumu mpaka mtoto wa jirani aje kutembea.

Na sio lazima iwe imevutwa. Askari anayetembea anaikunja. Ikiwa imelazwa juu ya redio unabandika kipande kifupi tu na umemaliza kazi.

Hatua ya 7. Mkanda na kava

Maskingi tepu ikikatwa utepe wa nusu milimita inakuwa mkanda mzuri wa ngozi. Paka kahawia, kavu, halafu pitisha kahawia nyepesi kwenye mikunjo. Kava la ngozi nalo ni tepu hiyohiyo umefunika mwili, umetoboa vitundu vya spika kwa ncha ya sindano. Ukiweka kava huhitaji neti, kwa hiyo aliyekosa simu mbovu njia yake ndo hii.

Kwa Vietnam kuna kitu napenda zaidi: redio ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua. Tumia nailoni nyembamba kabisa, funga mdomo kwa uzi. Inaficha nusu ya makosa yako yote na inaonekana ya kweli kuliko redio safi.

Hatua ya 8. Rangi

Praima kwanza, nyembamba, mara mbili. Ukitumia kopo la kupuliza la rangi za magari jaribu kwanza kwenye kipande cha takataka, kwenye kadi mara nyingi haina shida ikipulizwa kwa mbali lakini kwenye plastiki ya modeli thina yake inaweza kuyeyusha sura ya askari wako.

TR-63 ilitoka kwa rangi kadhaa za kung'aa, nyekundu na njano zikiwemo, kwa hiyo usiogope rangi kali. Watu wanapaka redio kijani cha jeshi, kwa nini? Ni mali ya mtu binafsi, kaitoa dukani. Ule wekundu katikati ya kijani na matope ndo unaovuta macho kwenye diorama nzima.

Vumbi: saga chaki ya kahawia na nyekundu kidogo, paka kwa burashi kavu kwenye kona na chini tu. Mbele pale mkono unaposhika vitufe paache pasafi, tena paweke mng'ao kidogo.

Hatua ya 9. Iweke mahali penye akili

Askari aliye doria haendi na redio inapiga muziki kiunoni, atauawa. Redio inakaa kambini: juu ya magunia ya mchanga, kwenye paa la M113 (gari la deraya la Wamarekani), inaning'inia kwenye mnara wa kifaru kilichoegeshwa, au kwa Kagera pembeni ya kifaru cha Type 59 huku mmoja ananyoa ndevu na wawili wameinamisha vichwa upande mmoja wanasikiliza. Ukitaka kuiweka kwa anayetembea basi iwe imezimwa, ndani ya mkoba, mkanda tu unachungulia.

Ikigoma

*Utando mweupe umetokea kuzunguka glu.* Huo ni mvuke wa supa glu ukichanganyika na unyevu wa Dar, hasa masika. Bandika mbele ya feni inayopepea polepole, tumia glu kidogo. Iliyokwisha tokea ifute kwa mafuta kidogo kwenye kijiti cha pamba kisha osha kwa sabuni kabla ya rangi.

*Vanishi ya kumalizia juu ya rangi imekuwa na ukungu kama maziwa.* Umepuliza kukiwa na unyevu mwingi. Subiri siku ya jua kali, puliza tena tabaka jembamba, mara nyingi ukungu unaondoka. Machi mpaka Mei mimi vanishi napaka kwa burashi tu.

*Rangi inateleza kwenye kadi haishiki.* Kadi ina tabaka laini juu na mafuta ya vidole. Sugua pande zote kwa msasa namba 800, osha, kausha, usiishike tena kwa vidole. Maandishi ya kampuni ya simu nayo yatoe kabisa, yasipotoka yanajitokeza chini ya rangi nyepesi.

*Neti imeziba.* Kama ni glu mbichi, weka kitambaa kikavu uinyonye haraka. Ikishakauka usihangaike, bandua weka nyingine, neti moja ya simu inatoa redio kadhaa.

*Redio inaonekana kubwa kwenye mkono wa askari.* Pima tena, na kumbuka unene wa rangi. Halafu angalia mkono wenyewe, askari wa makampuni mengine mikono yao ni midogo, hapo punguza redio kwa sehemu ya kumi hata kama hesabu inakataa.

*Antena inajipinda kila ukiigusa.* Ibandike mwisho wa kazi zote, baada ya vanishi, baada ya vumbi, baada ya kuweka askari kwenye diorama, na ukishaibandika usiipige picha kwa kuisogeza, sogea wewe.